Volti 19 za chaja, volti 11 za betri

Ukiigeuza kompyuta mpakato na kusoma maandishi madogo ya kwenye betri, mara nyingi utakuta volti 11.1 au 14.8, na ukisoma yale ya kwenye chaja utakuta volti 19, 19.5 au 20. Swali linalofuata nimeulizwa mara nyingi, na wanaoliuliza huwa na wasiwasi wa kweli: je, volti hizo za ziada haziiunguzi betri polepole? Wapo hata wanaotafuta chaja ya volti 12 wakiamini kwamba itaitunza betri yao ya volti 11.1 kuliko ile iliyokuja na mashine. Ningependa kulijibu swali hili kikamilifu, kwa sababu anayelielewa jibu lake anaweza pia kuchagua chaja mbadala, kununua betri mpya na kutambua kwa nini mashine inawaka lakini haichaji, bila kubahatisha.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba volti ya betri haikai mahali pamoja. Ndani ya kasha la betri mna seli kadhaa za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo imetawala kompyuta za kubebeka kwa miaka mingi sasa. Seli moja ya kawaida ikijaa kabisa huwa na volti 4.2, ikianza kutumika hushuka haraka kidogo, kisha hukaa kwa muda mrefu karibu na 3.6 au 3.7, na inapofika karibu na 3.0 huhesabiwa kuwa imekwisha. Namba inayochapishwa kwenye lebo ni ile ya katikati, yaani volti ambayo seli huwa nayo kwa sehemu kubwa ya matumizi, wala si kikomo chake cha juu.

Seli zikifungwa kwa mfululizo, volti zake hujumlishwa. Seli tatu za volti 3.7 hutoa 11.1, nne hutoa 14.8, na mbili, kama zilivyo katika mashine nyingi nyembamba, hutoa 7.4. Seli zikifungwa sambamba, volti hubaki ileile ila uwezo wa kuhifadhi umeme huongezeka. Ndiyo maana betri ya seli sita yenye volti 11.1 huwa na jozi tatu zilizofuatana, kila jozi ikiwa na seli mbili zilizo sambamba. Katika mashine za miaka ya karibuni utakutana pia na 7.6, 7.7, 11.4 au 11.55, kwa kuwa seli zake zimetengenezwa kuvumilia volti 4.35 au 4.4 zikijaa, na wastani wake umepanda hadi 3.8 au 3.85.

Sasa zidisha idadi ya seli kwa 4.2 badala ya 3.7. Betri ya 11.1 inapojaa huwa na volti 12.6, na ile ya 14.8 hufikia 16.8. Umeme hauwezi kuingia kwenye betri ikiwa volti ya kule unakotoka si kubwa kuliko ya betri yenyewe, kwa hiyo chaja ya volti 12 isingeweza kuijaza betri ya 11.1 hata kama ingeunganishwa nayo moja kwa moja. Volti 19 au 20 ziko juu ya 16.8 kwa kiasi kinachotosha kuiacha sakiti iliyo katikati ifanye kazi yake, na kwa hiyo mtengenezaji anaweza kutumia chaja ya aina moja kwa mashine za seli tatu na za seli nne.

Sakiti hiyo ya katikati ndiyo kiini cha jambo lote. Kile kisanduku cheusi kilicho kwenye waya hakichaji betri, wala hakijui kama betri ipo. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, wenye volti zozote kati ya 100 na 240, kuunyoosha, kuukatakata kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili upite kwenye transfoma ndogo, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti 19 zisizoyumba. Baada ya hapo kinangoja. Ni kiasi gani cha mkondo kitachukuliwa, na kwa wakati gani, huamuliwa na chipu iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na chipu hiyo ndiyo inayochaji.

Chipu hiyo haizipunguzi volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Kama ingefanya hivyo, mashine isingeshikika. Huwasha na kuzima jozi ya transista mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme unaopita hulainishwa na koili pamoja na kapasita hadi ukawa tulivu. Volti inayotoka hutegemea sehemu ya muda ambao transista ya juu iko wazi kupitisha umeme: ili kupata volti 12 kutoka 19.5, huwa wazi kwa takriban asilimia 62 ya muda. Jambo zuri la njia hii, na ambalo huwashangaza wengi, ni kwamba mkondo huongezeka volti zinapopungua. Betri yenye volti 12 inayopokea ampea 3 inachukua wati 36, na chaja ya volti 19.5 itatakiwa kutoa ampea 2 hivi tu, pamoja na upotevu mdogo. Volti za ziada zimegeuka kuwa ampea za ziada upande wa betri, na hakuna chochote kilichounguzwa.

Namna umeme unavyoingizwa kwenye seli nayo ina utaratibu wake. Betri ikiwa imeshuka kupita kiasi, chipu huanza na mkondo mdogo sana ili kuipandisha kwa uangalifu. Ikishakuwa katika hali ya kawaida, hupewa mkondo usiobadilika huku volti yake ikipanda yenyewe, na kwa betri ya seli tatu hali hiyo huendelea hadi kufikia 12.6. Hapo mambo hugeuka: volti hushikiliwa pale pale, na mkondo huachwa upungue kadiri seli zinavyokaribia kushiba. Ukishuka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwanzo, kuchaji husimamishwa kabisa. Hii ndiyo sababu betri hutoka asilimia 20 hadi 70 kwa haraka, kisha asilimia kumi za mwisho zikachukua muda unaochosha; hapana ubovu wowote hapo.

Mpaka wa 4.2 hauna mzaha. Seli ikivutwa juu ya kiwango ilichotengenezewa, kimiminika kilicho ndani yake huanza kuvunjika na kutoa gesi, seli huvimba, na ikizidishwa sana inaweza kushika moto. Kwa hiyo chipu za kuchaji hupima volti kwa usahihi mkubwa, na kando yake huwekwa kihisi joto ndani ya betri. Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi kuchaji huzuiwa, kwa sababu lithiamu hujikusanya juu ya elektrodi ikiwa metali badala ya kuingia ndani yake; joto likizidi, huzuiwa vilevile. Na betri ikishajaa, haiendelei kusukumiwa umeme hata kama waya umechomekwa usiku kucha: mashine huendeshwa na chaja, nayo betri huachwa ipumzike.

Kuna mgawanyo mwingine unaoendelea ndani, ambao naona haupewi uzito unaostahili. Chaja moja hulisha vitu viwili kwa wakati mmoja, kompyuta inayofanya kazi na betri inayojazwa. Tuchukue chaja ya wati 65. Ikiwa mwandishi anaandika barua na mashine inatumia wati 15, zinabaki 50 ambazo betri inaweza kuchukua kadiri ya uwezo wake. Akianza kuhariri video na matumizi yakafika wati 60, betri hubakiwa na wati 5 tu. Chipu ya kuchaji hulijua hilo kwa kupima mkondo unaoingia kutoka kwenye chaja, kupitia kipande chenye ukinzani mdogo mno, na inapoona kikomo kinakaribia hupunguza mgawo wa betri kabla ya kuugusa wa kompyuta. Katika mashine nyingi za sasa hufika mbali zaidi: prosesa ikihitaji nguvu kubwa kwa muda mfupi kuliko chaja inavyoweza kutoa, betri huongeza kilichopungua. Kwa hiyo mtu anaweza kuona asilimia za betri zikishuka ilhali chaja imechomekwa, na hapo kosa huwa ni chaja ndogo kuliko mahitaji.

Hapa ndipo ampea zilizoandikwa kwenye chaja zinapopata maana. Volti ni kile ambacho chaja inatoa. Ampea ni kiwango cha juu inachoweza kutoa ikitakiwa. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ina wati 65, na ya volti hizohizo yenye ampea 4.62 ina wati 90. Kuchomeka ile ya 90 kwenye mashine inayohitaji 65 hakuna hatari yoyote, kwani mashine itachukua inachohitaji na kuacha kilichobaki. Kinyume chake ndicho chenye matatizo: chaja ndogo kwenye mashine kubwa itapata joto, itajizima, au mashine itapunguza kasi yake ili iweze kuishi na kidogo kilichopo.

Kwa volti, sharti ni kulingana. Tofauti ya nusu volti, kama ya 19 na 19.5, kwa kawaida haidhuru kwa kuwa sakiti ya kupunguza volti huifuta. Zaidi ya hapo mimi huacha. Chaja yenye volti chache mno hukataliwa na mashine au humwacha mtu na betri isiyojaa. Yenye volti nyingi mno hufika kwenye kapasita na transista za mlangoni, na sehemu hizo mara nyingi hazikuundwa kuvumilia mbali sana juu ya volti 20. Kinachoungua hapo ni ubao mkuu, nayo betri hubaki salama nyuma ya sakiti iliyokufa ikiilinda. Angalia pia mchoro mdogo wa duara wenye alama za chanya na hasi: kwa plagi nyingi za mviringo chanya iko ndani na hasi iko nje, lakini plagi kuingia vizuri kwenye tundu si ushahidi kwamba alama zinalingana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji hawakuchagua volti 12 na kuziongeza ndani, maana sakiti za kuongeza volti nazo zipo. Sababu mojawapo iko kwenye waya. Joto linalopotea katika waya hukua kwa mraba wa mkondo. Tuseme waya wa chaja, kwenda na kurudi, una ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kusafirisha wati 65 kwa volti 20 kunahitaji ampea 3.25, na upotevu ni kama wati 1. Kwa volti 12 zinahitajika ampea 5.4, na upotevu unakaribia wati 3. Kwa volti 5 zingehitajika ampea 13, na takriban wati 17 zingeishia kuupasha waya joto. Volti zikiongezeka sana nazo huleta gharama, kwa kuwa vipuri vinavyozihimili ni vikubwa zaidi na usalama wa mtumiaji hudai uangalifu zaidi. Volti 19 na 20 ni mahali ambapo pande hizi mbili zilikutana.

Kampuni kadhaa zimeongeza jambo jingine juu ya volti na ampea, nalo ni utambulisho. Katika chaja za Dell zenye plagi ya mviringo mna pini nyembamba katikati, ambayo haipitishi nguvu. Imeunganishwa na chipu ndogo ya kumbukumbu inayoiambia kompyuta kwamba chaja hii ni ya Dell na ina wati kadhaa. HP wana pini ya katikati pia, na Lenovo, katika plagi zao za mstatili, walitumia kizuizi chenye ukinzani maalumu kama alama ya idadi ya wati. Taarifa hiyo isiposomeka, kompyuta ya Dell huwaka na kufanya kazi kwa kasi iliyopunguzwa lakini hukataa kuchaji betri, na watu wengi hukimbilia kununua betri mpya wakati kilichokatika ni uzi mmoja mwembamba wa waya karibu na plagi. Kabla ya kutumia fedha, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi ya kompyuta inayotangulia mfumo wa uendeshaji wakati wa kuwasha, na utazame kama aina ya chaja imetambuliwa. Hicho ni kipimo cha dakika chache, na nimeona kikiokoa betri zisizo na kosa.

Mfumo wa USB-C umeligeuza jambo hili lote kuwa mazungumzo, na kwa maoni yangu ni hatua bora kuliko zote zilizopigwa katika uwanja huu. Chaja ya USB-C haitoi volti 20 inapochomekwa tu. Huanza na volti 5, kisha kupitia waya maalumu wa mawasiliano huitajia kompyuta orodha ya volti inazoweza kutoa, ambazo kwa kawaida ni 5, 9, 15 na 20. Kompyuta huchagua, chaja hukubali, ndipo volti hupandishwa. Waya wa kawaida huruhusiwa ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ili kufika ampea 5 na wati 100, waya lazima uwe na chipu inayotangaza uwezo huo. Toleo la mwaka 2021 liliongeza volti 28, 36 na 48 na kufikisha kikomo kwenye wati 240. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria inayozitaka kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko ziwe na uwezo wa kuchajiwa kwa USB-C kuanzia tarehe 28 Aprili 2026.

Kwa mazungumzo hayo hofu ya volti kupita kiasi imepungua sana, ila swali la wati limebaki palepale. Chaja ya simu yenye wati 18 inaweza kukubaliwa na kompyuta, ikaijaza polepole mashine ikiwa imezimwa, na isitoshe kabisa ikiwa inafanya kazi. Mashine nyingine huikataa moja kwa moja. Hapa idadi ya seli inarudi tena: betri ya seli nne inahitaji hadi volti 16.8, na chaja inayoishia kwenye volti 9 haiwezi kuijaza isipokuwa ubao mkuu una sakiti inayoweza kupunguza na pia kuongeza volti.

Kuhusu betri ya kubadilisha, watu husumbuka bure kwa tofauti ya 10.8 na 11.1. Zote ni seli tatu. Mtengenezaji mmoja amehesabu 3.6 kwa seli na mwingine 3.7. Vivyo hivyo 14.4 na 14.8 ni seli nne. Kisichofaa ni kuvuka kutoka kundi moja kwenda jingine, au kuchanganya betri ya seli za 4.2 na ya seli za 4.4, hata kama kasha linaingia vizuri, isipokuwa mtengenezaji wa kompyuta ameziorodhesha zote kuwa zinakubalika. Unapolinganisha uwezo, usilinganishe miliampea-saa bali wati-saa. Betri ya volti 11.1 yenye miliampea-saa 4400 na ya volti 14.8 yenye 3300 zinaonekana kupishana sana, lakini zote mbili zina wati-saa 48.84.

Anayetaka kujihakikishia kwa kifaa cha kupimia aelewe kwamba betri iliyotolewa kwenye kompyuta inaweza kuonyesha volti 0 na bado ikawa nzima. Ndani yake mna sakiti ya ulinzi ambayo, katika aina nyingi, haifungui njia ya umeme hadi itambue kwamba imechomekwa kwenye mashine. Ni afadhali kuiuliza kompyuta yenyewe. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport hutoa taarifa inayoonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo uliobaki. Katika Linux, faili la voltage_now lililo chini ya /sys/class/power_supply huonyesha volti za wakati huohuo, zikiwa zimeandikwa kwa sehemu za milioni za volti. Ukilifungua mara kwa mara betri inapojaa, utaziona 11.1 za kwenye lebo zikipitwa na namba ikipanda kuelekea 12.6, chaja ikiwa kwenye 19.5 zake muda wote huo.

Ikiwa betri imekaa bila kutumika hadi seli zake zikashuka chini sana, sakiti ya ulinzi hukataa kuchaji, na wapo wanaoizunguka kwa kuunganisha umeme wa nje moja kwa moja kwenye seli ili kuziamsha. Ninawasihi wasifanye hivyo. Seli iliyoachwa muda mrefu chini ya volti 2 huanza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake, na shaba hiyo ikijikusanya tena wakati wa kuchaji inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana. Betri iliyofikia hapo hubadilishwa, na ile ya zamani hupelekwa panapopokelewa taka za elektroniki.